Mtihani wa Karatasi Mbili

Mimi sijawahi kuviamini vyeti, na asije mtu akaniambia ni wivu. Kazi hii ya kulinda programu za kompyuta niliiingia kwa mlango wa nyuma, kwa kufumua na kushona upya, na mwaka huu natimiza mwaka wa kumi na tisa. Sina karatasi hata moja yenye mhuri inayosema najua ninachokifanya. Nina kazi yenyewe. Programu yetu inatunza mafaili ya wagonjwa katika hospitali thelathini na mbili: nani anaumwa nini, anatumia dawa ipi, dawa gani ikimgusa anavimba. Sehemu kubwa ya programu hiyo niliiandika mwenyewe kabla sijafanywa mkuu wa kitengo cha usalama. Ofisini wananiita Mama Mashaka. Wanadhani sijui.

Vyeti najua vinavyopatikana. Watu wanapata maswali yaliyovuja, wanayakariri, wanaingia chumba cha mtihani kama kasuku, wanatoka na kitu cha kutundika ukutani. Niliwahi kumwajiri mmoja mwenye vitatu. Wiki ya pili nikakuta nenosiri lake ameliandika kwenye kikaratasi, kakibandika chini ya kibodi. Nilipomuuliza akanijibu kwa utulivu kabisa, "Si nimekibandika chini, madam? Juu ndiyo wangekiona." Tangu hapo mtu akinitajia cheti, napapasa mkoba wangu kwanza kama bado upo.

Sasa mkurugenzi wetu, tunayemwita Mzee Mhuri kwa jinsi anavyopenda karatasi zilizogongwa, aliniita ofisini kwake Jumatatu asubuhi.

"Dada, ile nafasi kwenye kitengo chako iko wazi miezi minne. Umewakataa watu kumi na mmoja."

"Kumi na wawili, bosi. Mmoja nilimkataa kwenye simu."

"Hospitali zinauliza. Zinataka kusikia kuna mtu mwenye vyeti analinda mafaili yao. Ijumaa nataka jina."

"Jina utapata. Cheti sikuahidi."

"Hivi wewe na vyeti mligombana wapi?"

"Wala hatujagombana. Hatujuani tu."

Akacheka. Mimi sikuwa na cha kuchekea. Faili la mama yangu limo humo ndani. Kuna dawa moja haipatani naye kabisa; akipewa, koo linafunga. Ilitokea mara moja mbele ya macho yangu, na ile sauti aliyokuwa akivutia pumzi ninayo masikioni mpaka leo. Kinachowakataza madaktari wasimpe tena ni mstari mmoja mwekundu kwenye faili lake, ndani ya programu yetu. Mtu nitakayemweka kwenye kile kiti atakuwa mlinzi wa mstari ule. Kwa hiyo mwenye haraka ajikimbilie mwenyewe.

Silaha yangu ni mtihani. Niliutunga miaka tisa iliyopita. Nilichukua kipande cha programu yetu wenyewe, kile nilichokuwa na uhakika nacho kuliko vyote maana nilikiandika kwa mkono wangu, nikakitoboa matundu matano kwa makusudi: sehemu tano ambazo mwizi mwenye akili angeweza kupita. Msailiwa anapewa karatasi, kalamu na saa moja. Kompyuta hakuna, simu anaacha mapokezi. Zamani zilikuwa karatasi tatu. Mwaka jana dada wa mapokezi akanijia juu kwamba mitihani yangu inamaliza wino wa printa, nikakata maneno niliyoona hayana kazi, zikabaki mbili. Majibu yako kwenye daftari langu jeusi, na hata silifungui, nayajua kama ninavyolijua jina langu. Tangu mwaka jana hakuna msailiwa aliyepata yote matano. Nikawa nasema watu wa siku hizi hawajui kitu.

Jumanne akaja wa kwanza. Alifika robo saa kabla, jambo ambalo peke yake lilinitia wasiwasi. Mwanaume wa miaka arobaini hivi, shati limepigwa pasi mpaka mikono, kwapani jalada la plastiki. Akalifungua mezani kwangu. Vyeti saba. Papo hapo nikambatiza Bwana Vyeti.

"Hivi vyote umevipataje?" nikamuuliza.

"Kwa kusoma, madam."

"Vyote saba?"

Akachomoa kimoja chenye utepe wa dhahabu. "Hiki hapana. Hiki ni semina ya siku mbili. Tulikunywa chai, tukaulizwa maswali manne, tukafaulu wote. Hata dereva aliyetupeleka alipata."

"Na bado unatembea nacho?"

"Kina utepe, madam. Wakurugenzi wanaupenda."

Nilikaribia kucheka, nikajizuia. Mtu anayekiri dogo bila kuulizwa mara nyingi ana kubwa ameliweka nyuma ya mgongo. Nikampa mtihani, nikakaa mbele yake kumtazama.

Hakuanza kusoma. Aliomba karatasi nyeupe, akachora jedwali, akaorodhesha kila sehemu ya programu ambamo mtu anaweza kuingia. Mbele ya kila moja akaandika maswali matatu yale yale: nani anaingia, nani anaruhusiwa, nani anaandika kwamba fulani ameingia. Alijaza hata pale ambapo mtoto wa shule angeona hapana tatizo. Uvumilivu ukaniisha.

"Hapo mbona ni wazi kwamba pako salama? Unapoteza muda wako."

"Ndivyo tulivyofundishwa, madam. Hata mlango unaojua umefungwa, unausukuma."

Kasuku, nikasema moyoni.

Alimaliza saa nzima, akaomba dakika tano za nyongeza, nikamnyima. Nikasahihisha palepale. Alikuwa amepata matundu manne. La tano hakuliona. Badala yake alikuwa ameandika kitu chake mwenyewe: "Ukurasa wa kuchapa fomu. Unauliza kama mtu ameingia kwa nenosiri. Hauulizi kama faili ni lake. Akibadilisha namba ya faili, anapata la mwingine na anaweza kulisahihisha. Hakuna daftari la waliopita." Nikalikata kwa wino mwekundu, nikaandika pembeni: *Siyo tundu.* Mimi sikupatoboa pale. Kama sikupatoboa, tundu lingetoka wapi?

Alipokuwa anakusanya vyeti vyake akaniuliza, "Madam, hiki kipande ni cha kutunga tu, au kiko kazini?"

Nikaweka kalamu chini. "Kwa nini unauliza?"

"Kama kiko kazini, mimi ningekiondoa leo."

"Asante. Tutakupigia."

Hajafika mbali, dada wa mapokezi akaja mbio kuniambia kwamba yule bwana, alipokuwa anachukua simu yake, ameuliza kama hospitali kuu ya rufaa nayo inatumia programu yetu.

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia ndiyo. Si imeandikwa kwenye bango hapo nje?"

Imeandikwa, kweli. Lakini mtu mwema hana haja ya kuuliza kilichoandikwa kwenye bango. Alasiri yote nilikuwa kwenye simu na wanaotoa vile vyeti, kimoja kimoja, nikiwasomea namba. Nilikuwa na hakika angalau viwili ni vya kughushi. Vyote vilikuwa halali. Hata kile cha utepe! Hilo nalo likaniudhi: mtu wa kawaida angekuwa na doa mahali fulani.

Jumatano akaja wa pili, na mimi, sina haja ya kuficha, nilimpenda alipokuwa bado mlangoni. Mwanamke wa miaka thelathini na kitu, vidole vina makovu ya kuungua kwa risasi ya kulehemu. Miaka minane alikuwa akitengeneza simu kwenye kibanda, na programu akajifunza mwenyewe kwa kuzifungua zilizoharibika. Nikamwita Fundi Simu.

"Shikamoo, madam. Mimi sina karatasi," akasema kabla hajakaa. "Nina mikono."

"Marahaba. Kaa, mwanangu. Karatasi ninazo mimi."

Dakika kumi na tisa. Niliangalia saa mara mbili nikidhani imesimama. Alikuwa ameandika matundu matano, yote, kwa mwandiko wa haraka, na maelezo yake yalikuwa mafupi na safi kama ambavyo ningeyaandika mimi. Nikayapitia kichwani pamoja na majibu yangu: la kwanza, la pili, la tatu, la nne, la tano. Nikapiga vema tano mfululizo. Tangu mwaka jana nauliza watu maswali, hatimaye mmoja ananijibu! Nikamwona mimi mwenyewe, yule wa kabla ya mvi, ambaye kila ofisi ilimuuliza cheti kabla ya kumuuliza jina.

Nikamwambia dada wa mapokezi afute vumbi ile meza tupu ya dirishani. Kisha nikamwandikia mkurugenzi waraka wa ukurasa mzima. Jina la Fundi Simu juu, na chini aya nzima kuhusu Bwana Vyeti: kwamba anauliza yasiyomhusu, kwamba ana hamu isiyo ya kawaida na hospitali kuu ya rufaa, na kwamba nashauri achunguzwe. Niliuhifadhi niupeleke Ijumaa. Nililala vizuri sana siku hiyo.

Alhamisi ni siku yangu ya kula mchana kwa mama. Mama ni mwalimu mstaafu, miaka thelathini na tano ya chaki, na mpaka leo akikupa glasi ya maji anakutazama uishike sawasawa. Alikuwa na miadi hospitali wiki inayofuata, akataka nimtolee ile fomu ya rufaa.

"Au nipeleke karatasi yangu tu," akasema, akinionyesha kitabu cha dua ambamo ameihifadhi kadi yake ya zamani ya hospitali, ile ya kuandikwa kwa mkono, yenye mhuri wa bluu.

"Mama, hiyo itupe jamani. Kila kitu kiko kwenye programu siku hizi. Karatasi yeyote anaweza kugonga mhuri."

"Na kompyuta yeyote anaweza kuibonyeza," akasema, akakirudisha kitabu kwenye rafu.

Wakati kompyuta yangu inawaka nikamsimulia kuhusu Fundi Simu. Nilitaka afurahi na mimi. Akasikiliza huku akikunja nguo, mpaka mwisho.

"Huo mtihani," akauliza, "ni ule ule uliokuwa unautunga mwaka ule baba yako anaumwa?"

"Huo huo."

"Haujabadilika?"

"Nimeupunguza tu. Kwa nini niubadilishe? Ni mzuri."

Mama akaacha kukunja. "Mimi nilikuwa nabadilisha wangu kila muhula, mwanangu, na bado walikuwa wanaupata kwa kaka zao. Wewe umekaa nao miaka tisa, halafu unawacheka wenzako wa vyeti kwamba maswali yao yanavuja. Nyani haoni kundule."

"Mama!"

"Sikukutukana. Nimekutajia mnyama tu."

Nikanuna. Nikaingia kwenye faili lake kwa nenosiri lake, nikafungua ukurasa wa kuchapa fomu. Ukurasa huu naupenda. Manesi walikuwa wakilalamika kwamba fomu zinatoka na makosa, nikawatengenezea mahali ambapo mgonjwa mwenyewe anaweza kusahihisha kabla ya kuchapa: namba ya simu, jina la ndugu, dawa zisizopatana naye. Juu ya skrini, kwenye anwani ya ukurasa, ilionekana namba ya faili la mama, tarakimu saba. Nikamkumbuka Bwana Vyeti na maelezo yake ya kujifanya anajua. Nikasema ngoja nimpe aibu yake. Nikafuta tarakimu ya mwisho, ilikuwa nne, nikaweka tano.

Likafunguka faili la mwanaume nisiyemjua, wa miaka arobaini na mmoja. Jina lake kamili. Mtaa anaokaa. Ugonjwa ambao nina hakika hajamwambia mke wake. Na chini kabisa, dawa zisizopatana naye, na pembeni yake kitufe cha kijani nilichokichora mwenyewe: *Sahihisha*.

Nilijiona nimeingia chumbani kwa mtu nimemkuta hajavaa. Nikafunga kompyuta kwa nguvu.

"Nini?" mama akauliza.

"Hamna kitu. Mtandao."

"Faili langu liko salama huko?"

"Liko salama, mama."

Nilimdanganya mama yangu mchana kweupe, na yeye ndiye aliyenifundisha kusoma. Nikaondoka bila kula.

Nilipofika ofisini nilikaa kwenye kiti hata mkoba sijautua, nikaufunga ule ukurasa kwa hospitali zote. Simu za manesi zikaanza kulia, fomu hazitoki, kuna nini? Nikawaambia kuna matengenezo. Halafu nikafungua daftari langu jeusi kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, nikazitandaza zile karatasi mbili za mtihani, na pembeni yake majibu ya wale wawili.

Nilipokuwa natunga mtihani nilikichukua kipande kile kwa sababu nilikiamini. Nilikitoboa matundu yangu matano, na tundu langu mwenyewe lilikuwamo tayari, kubwa kuliko yote, na mimi nalipita kila usaili nikielekea kwenye yale niliyoyaweka. Watu zaidi ya sitini wamelitazama. Huenda wapo wengine walioliandika nikawakata kwa wino mwekundu. Mitihani ya zamani sikuihifadhi, na niliona nafuu kwamba sikuihifadhi, kisha nikaona aibu kwa kuona nafuu.

Nikaendelea, maana neno la mama lilikuwa linanitekenya. Nikachukua kalamu, nikayatafuta yale matundu matano kwenye karatasi zenyewe, nisitumie kichwa. La kwanza, hili hapa. La pili, hili. La tatu, la nne. La tano nikalitafuta karatasi ya kwanza, nikalitafuta ya pili, nikageuza nyuma kama mjinga. Halikuwapo. Mwaka jana, nilipokuwa napunguza maneno ili printa ipumzike, nilikata ile sehemu iliyokuwa na tundu la tano. Ndiyo maana tangu hapo hakuna aliyelipata.

Aliyelipata ni mmoja tu. Fundi Simu alikuwa ameeleza, kwa ufasaha kabisa, tundu ambalo karatasi aliyopewa haikuwa nalo.

Nikampigia aje. Alifika baada ya saa moja akiwa anatabasamu, akadhani ameitwa kusaini mkataba. Nilimwekea mtihani mbele yake.

"Nionyeshe la tano liko wapi."

Akasoma. Akasoma tena. Nikaona kidole chake chenye kovu kikishuka mstari kwa mstari mpaka mwisho wa karatasi, halafu kikabaki pale.

"Halipo," akasema.

"Uliliona wapi?"

Machozi yakamlenga lakini hayakudondoka. "Madam, mtihani wako watu wote wanao. Uko kwenye kundi letu la simu, pamoja na majibu. Mtu anayekuja kwako anaambiwa, soma ule, yule mama haangalii vyeti, anaangalia ule tu. Labda wenzangu waliisoma karatasi wakaliacha la tano, mimi niliandika nilivyokariri."

"Miaka mingapi?"

"Mimi nimeukuta."

"Ungeweza kuyatafuta mwenyewe?"

"Matatu ningeyapata. Labda manne." Akaniangalia usoni kwa mara ya kwanza. "Nimezunguka ofisi tisa, madam. Kote wananiuliza cheti. Hapa ndipo palikuwa na mlango, nikaogopa nikiubisha kwa mkono wangu mwenyewe hautafunguka. Nisamehe."

Nilitaka kumfokea, na mdomo nilishaufungua. Lakini ningemfokea nani? Mtihani wangu ulikuwa umegeuka cheti, tena kile cha utepe, na mimi ndiye niliyekuwa nautoa. Nikamwambia aende nyumbani. Aliposimama aliitazama ile meza ya dirishani, iliyokuwa imeshafutwa vumbi, na mimi nikatazama pembeni.

Kisha nikampigia Bwana Vyeti.

"Kile kipande," nikasema bila hata salamu. "Kiko kazini. Kilikuwa kazini mpaka leo saa nane."

"Hospitali kuu pia?"

"Pia."

"Mke wangu anatibiwa pale," akasema. "Ndiyo maana niliuliza mapokezi. Samahani kama nilivuka mpaka."

Waraka wangu wa ukurasa mzima ulikuwa mbele yangu kwenye skrini, na ile aya ya kutaka achunguzwe. Niliufuta nikiwa bado nazungumza naye. Nikamwuliza ilikuwaje akaliona. Akasema hata yeye asingeliona kwa kusoma tu. Lilitokea ilipofika zamu ya ukurasa ule kwenye jedwali. Kwenye mafunzo ya cheti kimoja, kile cha tatu kutoka juu, walijazishwa majedwali miezi sita mpaka wengine wakaacha. "Kinachosha sana, madam. Sina sifa ya kusema nina akili."

Ijumaa nikaingia kwa mkurugenzi na daftari langu jeusi, na nikamweleza yote, tundu, mtihani, kundi la simu, mwanaume wa miaka arobaini na mmoja. Alisikiliza akiwa amefumba macho. Alipoyafumbua, kitu cha kwanza kumtoka kilikuwa kiburi kidogo.

"Kwa hiyo vyeti vina maana."

"Kimoja kati ya saba, bosi. Labda viwili. Sasa nitalazimika kuvisoma kujua kipi."

"Na huo ukurasa nani aliuandika?" Kabla sijajibu akaendelea, "Itakuwa yule jamaa aliyehamia nje. Yule alikuwa anaharakisha kila kitu."

Kwa kweli alinipa mlango, tena ameushika wazi. Yule jamaa yuko mbali, wala asingejua. Niliutazama mlango ule kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri.

"Mimi," nikasema. "Niliuandika mimi."

Mkurugenzi akashusha kalamu. "Umekuwa wazi muda gani?"

"Miaka kumi na moja."

"Kuna mtu amewahi kupita humo? Kusoma? Kubadilisha kitu?"

"Sijui."

"Si uangalie kwenye kumbukumbu? Kila anayeingia si anaandikwa?"

"Kwenye ukurasa ule haandikwi. Manesi walilalamika fomu zinachelewa kutoka, nikaliondoa daftari la waliopita ili ziende haraka. Huenda hajapita mtu hata mmoja. Huenda wamepita kila siku. Hatutajua, bosi. Itabidi kila hospitali ilinganishe mafaili na karatasi zake za zamani, kama inazo."

Akaichukua tena kalamu. Kisha akasema yule bwana wa vyeti aanze Jumatatu, na kwamba mpaka uchunguzi uishe mimi nitafanya kazi chini yake. Nikasema sawa. Nilistahili, na hata hivyo iliniuma.

Nilirudi mezani kwangu nikafungua faili la mama. Mstari mwekundu ulikuwepo, na jina la dawa ndani yake. Nililisoma mara tatu. Ni jina refu, na kuna dawa nyingine mbili zinazofanana nalo, na kila nilipolisoma niliona ndilo, kisha nikaona labda silo. Miaka yote mimi ndiye ninayewashuku watu. Sasa nilikuwa naishuku kazi ya mikono yangu, na hapakuwa na mtu wa kumuuliza.

Nikachukua simu.

"Mama, ile kadi yako ya zamani. Yenye mhuri wa bluu. Umeitupa?"

"Niitupe kwa nini? Iko kwenye kitabu."

"Kaichukue. Unisomee dawa iliyoandikwa."

Nikamsikia akiburuta kandambili mpaka kwenye rafu, akafungua kitabu, akavaa miwani. Hakuniuliza kitu. Akaanza kunisomea kwa sauti ile ya darasani, herufi moja moja, na mimi nikaweka kidole kwenye skrini chini ya herufi ya kwanza.

"Umeandika?" akauliza alipofika mwisho.

"Soma tena, mama," nikamwambia. "Polepole."